Kaseti za babu na za kwaya: kikaseti cha USB, deki au studio?

Mama mdogo alinikabidhi mfuko wa salfeti wenye kaseti kumi na nne. Zilikaa darini kwao Tukuyu, juu ya jiko la kuni, tangu babu alipofariki, na plastiki zake zilikuwa zimegeuka rangi ya chai kwa moshi. Hakusema mengi. "Mwanangu, baba yangu yumo humo. Nitolee."

Tangu siku hiyo nimehamisha kaseti za ukoo, za kwaya mbili za hapa Mbeya na chache za ndugu wa Iringa. Swali ninaloulizwa ni lile lile: ninunue kile kikaseti cha USB, nitafute deki, au nipeleke studio? Njia zote tatu nimezipita. Hazilingani hata kidogo, na ile iliyo nafuu kwa mtu mmoja inaweza kumpotezea mwingine kitu kisichorudi.

Kwanza zimwage kaseti zako mezani uzigawe marundo mawili. Rundo la kwanza ni zilizonunuliwa dukani, zenye jalada lililochapwa. Hizo ni nakala. Yako ikiharibika, ya jirani ipo, na wimbo uliowahi kurekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam huenda bado umo kwenye kanda za TBC. Rundo la pili ni zile zilizoandikwa kwa kalamu ya Bic, au hazikuandikwa kitu: babu akisimulia, mazoezi ya kwaya, mahubiri ya msibani, mzee wa Kalenga akieleza habari za Mkwawa kama alivyozisikia kwa baba yake. Kila moja ya hizo iko peke yake duniani.

Kwa rundo la kwanza, njia yoyote inafaa. Kwa rundo la pili, chukulia kwamba kila kaseti imebakiza mchezo mmoja tu mzuri, na fedha yako yote iende kwenye mashine itakayoucheza mchezo huo. Watu wengi hufanya kinyume: wananunua kompyuta nzuri, halafu wanachezea kaseti kwenye chochote kilichopatikana. Kompyuta haiwezi kurudisha kile ambacho hedi, kile kichwa kidogo kinachosoma utepe ndani ya mashine, haikukisoma.

Na muda hautusubiri. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, walianza kutoa tahadhari kwamba baada ya mwaka 2025 au karibu na hapo, kuhamisha kanda za sumaku kutakuwa kugumu mno. Sababu kubwa si kwamba kanda zote zitaoza. Mashine zinaisha, vipuri vinaisha, na mafundi wanaozijua wanazeeka. Ukitaka kuhakikisha, muulize fundi redio wa mtaani kwenu mara ya mwisho kubadilisha hedi ya deki ilikuwa lini.

Kikaseti cha USB

Hiki ni kile kidude cha plastiki kinachofanana na walkman za zamani. Unachomeka kwenye kompyuta, au unakipa flashi moja kwa moja, unabonyeza, kinakupa MP3. Ni rahisi kununua, hakihitaji fundi, na mtoto wa sekondari anaweza kukiendesha.

Shida iko ndani. Mota yake ni nyepesi na gurudumu linalosawazisha mwendo ni dogo, kwa hiyo utepe hauendi kwa kasi moja. Kwa mtu anayeongea unaweza usigundue. Weka kwaya yenye kinanda, sikiliza pale wanapoishikilia noti ya mwisho ya ubeti: noti inayumba kama mshumaa penye upepo. Nilicheza kaseti moja ya kwaya kwenye kikaseti hiki na kwenye deki siku moja, na mwalimu wa kwaya aliyekuwa ameketi pembeni yangu alisema waimbaji wake hawakuwahi kuimba vibaya hivyo. Alikuwa sahihi. Mwendo ndio uliokuwa unayumba, waimbaji walikuwa sawa. Kwa Kihehe jambo hili ni kubwa zaidi, maana ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana. Mtu atakayeketi miaka ijayo kuichunguza lugha hiyo kupitia rekodi yako hatajua kipi kilikuwa cha mzee na kipi cha mota.

La pili linanitisha zaidi: vikaseti hivi hula kanda. Utepe wa C60, yaani kaseti ya dakika 60, ni mnene kiasi, wa C90 ni mwembamba, na wa C120 ni mwembamba mno. Mashine yenye nguvu hafifu ya kuvuta huuacha ukalegea, ukajisokota kwenye roli, na unapofungua mlango unakuta umekunjamana kama utumbo wa kuku. Unaweza kuurudisha kwa kalamu, ndiyo, lakini pale ulipokunjika sauti itakatika kila mara.

Kwa hiyo: nyimbo za dukani unazotaka kusikiliza ukiwa shambani au kwenye gari, kitumie. Sauti ya babu usiipitishe humo, hata kwa kujaribu.

Deki na kadi ya sauti

Njia hii ndiyo ninayoipendekeza kwa familia nyingi, kwa hiyo nitakaa hapa.

Deki ninayoisema ni ile ya kuweka kwenye kabati la sebuleni, nzito, yenye matundu mawili nyuma, jekundu na jeupe, yaliyoandikwa LINE OUT. Bado zipo. Zimekaa kwenye nyumba za wajomba waliostaafu, kwenye stoo za makanisa, na mara mojamoja zinaonekana kwa wauza vitu vya mtumba Mwanjelwa. Usinunue mpaka uisikie ikicheza. Ikiwa inawaka ila magurudumu hayazunguki, mara nyingi ni mpira wa mota umelegea au umeyeyuka, na mpira hubadilishwa. Ikiwa hedi imelika mpaka ukipitisha ukucha unahisi mfereji, iache. Ukikosa deki, redio kaseti kubwa iliyo hai bado inashinda kikaseti cha USB: toa sauti kwenye tundu la hedifoni, ukiweka volyumu katikati.

Deki huiunganishi moja kwa moja na tundu la maikrofoni la kompyuta. Tundu hilo limetengenezewa sauti ndogo, litaikaba sauti na kuipasua. Unahitaji kadi ya sauti ya nje inayoingia kwenye USB. Behringer UCA222 ni ndogo, inapokea waya nyekundu na nyeupe moja kwa moja, na inarekodi biti 16. Behringer UMC202HD inafika biti 24, inakupa nafasi zaidi pale sauti iliporekodiwa chini. Kama bado hujanunua, chukua ya biti 24. Kama ya biti 16 unayo tayari, anza leo. Tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo kuliko tofauti kati ya hedi chafu na hedi safi. Kwa programu, Audacity ni ya bure na inatosha kabisa.

Usafi basi. Kabla ya kila kaseti mbili au tatu, pamba ya masikioni na spiriti safi aina ya isopropili, unapangusa hedi na kile kipande cha chuma kinachozunguka mpaka pamba itoke nyeupe. Kaseti za darini Tukuyu zilinitolea pamba ya kahawia mara nne mfululizo. Roli ya mpira ipanguse kwa uangalifu na uikaushe. Halafu itazame kaseti yenyewe kwa juu: vile vijino viwili vya plastiki vya kuzuia kurekodi kama bado vipo, vivunje. Kidole kikiteleza kikabonyeza kitufe chekundu, unafuta kilichokuwepo, na hakuna fundi wa kukirudisha.

Sasa jambo ambalo hakuna kikaseti cha USB kinachokupa nafasi ya kulifanya kwa urahisi, nalo ndilo lililonifanya niiamini deki. Kila redio iliyorekodi ilikuwa na hedi iliyosimama kwa pembe yake. Kama hedi ya deki yako imesimama tofauti hata kwa kiasi kidogo sana, sauti kali zote zinapotea na mzee anasikika kama anaongea akiwa ndani ya blanketi. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo, mara nyingi iko kushoto. Chezesha kaseti, vaa hedifoni, izungushe taratibu, robo mzunguko huku, robo kule, ukisikiliza herufi s na f. Ziko mahali fulani ambapo zinachomoza.

Kaseti ya tatu ya babu ilikuwa hivyo. Nilidhani imechakaa. Nilipozungusha skrubu kidogo tu, mvua ilianza kunyesha. Nilitoa hedifoni nikaangalia dirishani, nje kukavu. Mvua ilikuwa ya Tukuyu, juu ya bati, ya mwaka 1987, na chini yake babu alikuwa anataja majina ya mashamba kwa Kinyakyusa, moja baada ya jingine. Nilirudisha kanda mwanzo nikaanza upya kurekodi. Fanya hivyo kwa kila kaseti, kwa sababu kila moja huenda ilirekodiwa na redio tofauti.

Kuna la betri pia. Vijijini tulirekodi kwa betri, na betri zikichoka mota inaenda polepole. Ukiicheza kaseti hiyo kwenye deki yenye mwendo sahihi, mzee anaongea kwa sauti ya mtoto, na anazidi kuwa mtoto kadiri upande unavyoelekea mwisho. Usirekebishe wakati wa kurekodi. Hamisha kama ilivyo, kisha kwenye nakala ya kusikiliza badilisha kasi kwa Audacity, ukitumia ile amri inayobadilisha kasi na sauti kwa pamoja. Nakala kuu ibaki haijaguswa.

Mengine kwa ufupi. Acha vilele vya sauti vifike kati ya -12 na -6 kwenye kipimo cha sauti cha Audacity, visiguse sifuri. Ukisikia mvumo mzito usiokoma, chomoa chaja ya kompyuta utumie betri yake, mara nyingi mvumo unaisha hapo hapo. Kaseti iliyotoka stoo yenye baridi, hasa Juni na Julai, iache chumbani siku nzima kabla ya kuicheza, isije ikashika umande. Kama jalada au deki ina alama ya Dolby, mfumo wa kupunguza mchachato wa kanda, sikiliza ikiwa imewashwa na ikiwa imezimwa. Kaseti nyingi za nyumbani hazikurekodiwa nayo, na ukiiwasha bila sababu inafukia sauti.

Gharama halisi ya njia hii ni muda. Kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60, hakuna njia ya mkato, na nusu saa nyingine ya kusafisha, kusikiliza na kuandika majina. Kwaya yenye kaseti 60 ijiandae kwa saa 90 hivi. Vijana wawili wakifanya kaseti mbili kila jioni, ni jioni thelathini. Usharika mmoja wa hapa ulimaliza kwa mtindo huo kabla mvua hazijaanza.

Studio na mafundi

Hapa tutofautishe. Kibanda cha kurusha nyimbo ni kitu kimoja, studio ya kurekodi ni kitu kingine, na zote mbili zinaweza kukuambia "tunahamisha kaseti."

Kaseti zangu tano za mwanzo, kabla sijajua lolote, nilizipeleka kwa mtu wa kibanda. Nilirudishiwa flashi yenye mafaili yaliyoitwa Track 01 mpaka Track 10. Upande wa pili wa kaseti moja ulikatwa katikati. Na kwenye zote, alikuwa amepitisha kichujio cha kelele kwa nguvu kiasi kwamba sauti ilisikika kama mtu anaongea chini ya maji. Hakunidhulumu, alidhani ananisaidia. Lakini kichujio kikishapita kwenye nakala pekee uliyo nayo, kile kilichochujwa hakirudi, na pamoja na kelele zilikwenda pumzi za mzee na jogoo aliyewika.

Ukienda studio, uliza kabla hujaziacha. Wana deki ya aina gani, na hurekebisha pembe ya hedi kwa kila kaseti? Watakupa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa kama MP3, na isiyochujwa? Pande zote mbili, mpaka mwisho wa utepe? Asiyeelewa swali la pembe ya hedi, mshukuru uondoke na kaseti zako. Anayeelewa, mwanzie kaseti moja tu, na iwe ya rundo la dukani.

Kuna hali ambazo hupaswi kujaribu mwenyewe hata ukiwa na deki nzuri. Moja ni ukungu. Rungwe na Kyela zina mvua nyingi, Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kaseti iliyokaa kwenye sanduku lenye unyevu huota unga mweupe kwenye ukingo wa utepe. Itenge kwenye mfuko wake, usiicheze, maana itauacha ukungu kwenye deki na deki itaupeleka kwenye kaseti zinazofuata. Wala usiupulize, si mzuri kwa mapafu. Nyingine ni kanda za magurudumu, zile kubwa ambazo misheni na redio zilitumia. Hizo zina mashine zake na kasi zake, sentimita 9.5 au 19 kwa sekunde, na baadhi ya zile za miaka ya 1970 na 1980 gundi yake imegeuka kunata: zinalia na kusimama zikichezwa, huku unga wa sauti ukibanduka na kubaki kwenye hedi. Zinahitaji kupashwa joto dogo kwa saa nyingi chini ya mtu anayejua, na si kila kanda huvumilia joto hilo. Afadhali isubiri kabatini mwaka mmoja kuliko kuichezesha vibaya siku moja.

Iringa na Mbeya tuna bahati moja: baridi. Joto ndilo linaloua kanda haraka, nalo kwetu ni dogo. Ziweke kabatini ndani ya nyumba, zisimame wima kama vitabu, mbali na spika na mbali na moshi wa jikoni. Darini hapafai.

WAV au MP3, na wapi pa kuweka

Nakala kuu iwe WAV, biti 24, kilohezi 48. IASA wanakitaja kiwango hicho kuwa cha chini kabisa kwa hifadhi. Saa moja ya stirio inakula kama gigabaiti 1, kwa hiyo kaseti 60 za saa moja ni gigabaiti 62 hivi, na ekstano, yaani diski ya nje ya kompyuta, ya terabaiti moja inazimeza zote na nafasi ikabaki tele. Kutoka WAV unatengeneza MP3 ya kutumiana WhatsApp, megabaiti 58 kwa saa kwa kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde. Kutoka MP3 huwezi kurudi kwenye WAV ya kweli. Nafasi ikibana, faili la aina ya FLAC hupunguza ukubwa bila kupoteza kitu.

Flashi ni ya kubebea, si ya kuhifadhia. CD za kuchoma nyumbani nimeona zikikataa kusoma. Weka ekstano mbili, na hizo mbili zisikae nyumba moja. Yangu ya pili niliifunga vizuri nikaipandisha basi kwa dada yangu Iringa, zaidi ya kilomita 300, mwizi au moto wa Mbeya hautaifikia. Kuhusu intaneti, Google Drive ya bure ina gigabaiti 15, ni kama saa 14 za WAV, na bando la kupandisha zote litakuumiza. Mimi huko naweka MP3 tu, kama akiba ya mwisho.

Jina la faili liseme kitu: mwaka, mahali, nani, kaseti namba ngapi, upande upi. Namba hiyo hiyo iandike kwenye kaseti kwa penseli. Na kabla hujamrushia mtu yeyote, tafuta ruhusa. Kwaya ina haki zake, sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ipo. Za ukoo zina mambo yake pia. Kaseti ya sita ya babu ina mgogoro wa shamba, na watoto wa waliotajwa bado wanasalimiana. Hiyo tulikubaliana kwenye kikao ibaki kwa mama mdogo peke yake.

Nikirudi kwenye uchaguzi. Una kaseti chini ya ishirini za ukoo? Azima deki, nunua kadi ya sauti tu. Kwaya au usharika? Nunueni deki, muitengeneze kwa fundi, mfundishe vijana wawili. Ukungu, magurudumu, utepe uliokatika mahali pagumu? Zitengeni, mtafute mtu mwenye vifaa na maswali yale mkononi. Za dukani, kikaseti cha USB kinatosha.

Kaseti zenyewe usizitupe baada ya kuhamisha. Za babu nimezirudisha Tukuyu, zikiwa kwenye boksi la viatu lenye namba 1 hadi 14, pamoja na simu ya mama mdogo niliyoijaza MP3 zote. Anasikiliza ile ya mashamba jioni akimenya viazi, na akifika kwenye jina asilolijua ananipigia.